Uwanja mkubwa, raha ndogo? Unachonunua hasa ukilipia tiketi ya shoo

Kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa kulipia tiketi ya shoo ya Desemba, jiulize maswali matatu ambayo bango la tangazo halikujibu. Utakuwa umesimama wapi msanii akipanda jukwaani? Atapanda saa ngapi? Na ukitaka kwenda nyumbani, utatokea mlango gani?

Wengi wetu hatuulizi. Tunaangalia majina tu. Tukiona supastaa kutoka Nigeria, Jamaika au Marekani, tunawapigia marafiki, tunachanga, tunatafuta nguo, na tiketi inanunuliwa kabla hata hatujasoma maandishi madogo chini ya bango. Halafu siku ya shoo ikipita unasikia malalamiko yale yale kwenye mitandao: sikuona kitu, sauti ilikuwa mbovu, alichelewa, aliimba nusu saa, tulikanyagana langoni. Wiki mbili baadaye bango jingine linatoka na sote tunachanga tena.

Tukimlaumu msanii au promota peke yake, tutakuwa tunaangalia upande mmoja. Raha ya shoo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye bango: ukubwa wa mahali, na muundo wa shoo yenyewe. Ukiyaelewa hayo mawili, utajua mapema kama utajibamba au utarudi nyumbani na picha kumi za ukungu kwenye simu.

Hesabu ya umbali

Tuanze na jambo rahisi kabisa, macho yako. Mtu wa urefu wa kawaida akiwa mita 100 kutoka kwako, ukinyoosha mkono mbele ya uso, ataonekana mdogo kama ukucha wa kidole chako. Hiyo ndiyo mita 100. Katika viwanja vya wazi tunavyovitumia Nairobi, kama vile Uhuru Gardens pale Lang'ata Road au Ngong Racecourse, anayesimama nyuma anaweza kuwa mbali hata kuliko hapo. Kinachobaki ni kutazama skrini kubwa. Yaani umelipa, umepanda matatu, umepanga foleni, umepekuliwa langoni, ili utazame video ukiwa umesimama.

Masikio nayo yana hesabu yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na kwa hivyo ukiwa mita 100 kutoka kwa spika za jukwaani, sauti hukufikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kutoka. Unaona mdomo wa msanii kwenye skrini ukifunga na neno bado linakuja. Waandalizi wanaojua kazi yao huweka minara ya spika katikati ya uwanja, na mafundi huchelewesha sauti yake kidogo ili ioane na ile inayotoka mbele. Asiyetaka gharama hiyo huongeza tu sauti ya spika za mbele. Matokeo yake unayajua: walio mbele wanaziba masikio, walio nyuma wanauliza ni wimbo gani huo.

Ukumbini mambo ni tofauti. Kuta na paa vinaweza kuharibu sauti pia, hasa ukumbi ukiwa wa saruji tupu, lakini hakuna anayekuwa mbali sana. Unaona jasho la mpiga ngoma. Unamwona msanii akicheka na mpiga gitaa wake. Msanii naye anakuona wewe. Akisikia upande wenu mmenyamaza, anabadilisha wimbo. Kule uwanjani, taa zikimwaka usoni, anachoona ni giza lenye simu nyingi.

Halafu kuna suala la ua la VIP. Sote tunalijua. Sehemu ya mbele kabisa inazungushiwa fensi, inawekwa viti na meza za vinywaji, na waliolipa bei ya juu wanakaa humo wakipiga gumzo, wengine wamempa msanii mgongo. Nyuma ya fensi ndiko waliko wanaojua kila neno la kila wimbo, wamebanwa. Mpangilio huu unaleta pesa, hilo halina ubishi. Ila unaua shoo, kwa sababu msanii anaimbia watu waliokaa huku sauti ya wanaoitikia ikitoka mbali. Umewahi kuona msanii akishuka jukwaani, akipita VIP moja kwa moja hadi kwenye fensi? Anatafuta watu wake.

Hesabu ya muda

Sasa tugeukie saa. Chukulia bango linasema milango itafunguliwa saa nane mchana, na staa mkuu akapanda saa sita usiku. Hizo ni saa kumi. Akiimba dakika 40, umesubiri mara 15 ya muda aliokuimbia.

Tufanye hesabu ya mfano, si ya shoo yoyote halisi. Tiketi Sh3,000, usafiri wa kwenda na kurudi usiku wa manane Sh1,500, chakula na maji kwa bei za ndani Sh1,500. Jumla Sh6,000. Gawanya kwa dakika 40 za msanii uliyemfuata: Sh150 kila dakika. Sasa chukulia shoo ya ukumbini ya msanii wa hapa nyumbani: tiketi Sh1,000, usafiri Sh500, kinywaji Sh500, na bendi inapiga saa mbili kamili. Hiyo ni chini ya Sh17 kwa dakika. Usiseme basi kwamba shoo ndogo ni bora kila mara kwa sababu ni rahisi. Ninachosema ni kwamba tiketi ina bei mbili, ile iliyoandikwa na ile unayolipa kwa miguu na usingizi.

Mbona wachelewe hivyo? Si kila mara ni madharau. Tamasha lenye wasanii kumi na madijei sita lina mabadiliko ya jukwaa kumi na sita. Kila badiliko likila dakika 15 za ziada kwa sababu kebo haijulikani iko wapi, tayari umepoteza saa nne. Aidha, wasanii wengi hudai walipwe pesa zote kabla ya kushika kipaza sauti, na promota ambaye alitegemea pesa za langoni hawezi kulipa kabla watu hawajaingia. Sisi nasi tuna tabia ya kununua tiketi siku yenyewe, saa mbili usiku, tukitumai kuna mtu anauza yake kwa bei ya kutupa. Promota hajui kama watakuja watu 2,000 au 20,000 hadi jua litue. Mzunguko huo wote unaishia kwenye magoti yako.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Kadiri unavyokaa ndani, ndivyo unavyonunua. Baa zinauza, vibanda vya vyakula vinauza, na mdhamini, ambaye mara nyingi ni kampuni ya vinywaji au ya simu, anapata saa nyingi za kukuonyesha nembo yake. Kwa mdhamini, kuchelewa kwa staa si hasara kubwa. Hasara ni yako.

Na wakati mwingine staa hapandi kabisa. Desemba 2024, Diamond Platnumz aliondoka kwenye tamasha moja Nairobi bila kuimba baada ya mvutano uliotokea nyuma ya jukwaa kuhusu zamu za wasanii. Bila kuingia katika nani alikuwa na makosa, angalia muundo uliozaa tatizo: majina mengi makubwa, usiku mmoja, jukwaa moja, na kila mtu anataka saa ile ile nzuri. Shoo ya msanii mmoja haiwezi kuwa na ugomvi wa zamu.

Kwa nini tunapelekwa uwanjani kila mara

Ukitaka kujua kwa nini mapromota wanapenda viwanja, fuata pesa. Uwanja mtupu hauna chochote. Jukwaa linaletwa kwa lori, spika, taa, skrini, jenereta, vyoo vya kuhamishwa, fensi, mahema, walinzi. Vyote vinafungwa kwa siku kadhaa, vinatumika usiku mmoja, vinafunguliwa asubuhi. Gharama hiyo ni karibu ile ile wakija watu 3,000 au 15,000. Kwa hivyo promota analazimika kutafuta umati mkubwa. Ili apate umati mkubwa, analazimika kuweka majina mengi ili kila mtaa uwe na mtu wake. Akiweka majina mengi, muda wa kila mmoja unapungua. Hivyo ndivyo tunavyofika kwenye tamasha la saa kumi ambalo msanii uliyempenda anaimba nyimbo sita, nyingine kwa kuropoka juu ya rekodi yake mwenyewe maana hakuna muda wa kuunganisha bendi.

Sasa utauliza, si apeleke shoo ukumbini basi? Ukumbi gani? Hapo ndipo penye shida yenyewe.

Fikiria ngazi. Chini kabisa tuna vidato vizuri: baa za Westlands, Geco Café yenye usiku wake wa jazi, bustani ya Alliance Française katikati mwa jiji ambako Sauti Sol walianza kujijenga, Sarakasi Dome kule Ngara, na Kenya National Theatre iliyofunguliwa 1952. Hapa tunazungumzia mamia ya watu. Juu kabisa tuna Nyayo, na Kasarani. Katikati je? Kuna ukumbi wa ndani wa Kasarani, wenye viti takriban 5,000, ambao ulijengwa kwa ajili ya michezo. Kuna kumbi za KICC, ambazo zilijengwa kwa ajili ya mikutano. Baada ya hapo unaruka moja kwa moja hadi kwenye nyasi.

Ngazi yenye vidato viwili chini na kimoja juu haipandiki. Msanii wa Nairobi anayejaza watu 400 leo hana mahali pa kujaza 1,500 mwaka ujao na 6,000 mwaka wa tatu. Anabaki kwenye baa, au anasukumwa jukwaani saa kumi na moja jioni kufungua tamasha la mgeni mbele ya watu ambao bado wanatafuta maegesho. Hajawahi kufundishwa na umati wa ukubwa wa kati namna ya kushika umati mkubwa. Halafu tunamlinganisha na wasanii wa nje na kusema wetu hawajui kutumbuiza.

Majirani zetu walilitazama jambo hili mapema. Kigali ilifungua ukumbi mwaka 2019, unaoitwa sasa BK Arena, wenye nafasi ya watu takriban 10,000. Haukujengwa kwa muziki peke yake. Ligi ya mpira wa vikapu ya Afrika, BAL, ilianza humo mwaka 2021, na mikutano nayo hufanyika humo. Michezo inalipia taa, muziki unakuta paa tayari. Desemba 2023 Kendrick Lamar aliimba humo, chini ya mpango wa Move Afrika wa Global Citizen, na Februari 2025 John Legend akafuata. Vijana wa Nairobi walipanda basi na ndege kwenda kuwaona. Nairobi ina watu wengi kuliko Kigali, ina pesa nyingi kuliko Kigali, na ina mashabiki wenye kelele kuliko Kigali. Kile ambacho haina ni paa la watu 10,000.

Wenzetu wanachagua vipi

Duniani kuna miundo kadhaa ya kumpeleka msanii kwa mashabiki, na kila mmoja una mtu anayelipia gharama yake.

Wa kwanza ni ziara kubwa ya viwanja. Taylor Swift alifanya shoo 149 za Eras Tour kati ya Machi 2023 na Desemba 2024, kila moja zaidi ya saa tatu, na mapato ya tiketi yakapita dola bilioni mbili. Ziara ile ilifika mabara matano. Afrika haikuwemo. Muundo huo unahitaji viwanja vyenye barabara, umeme na vifaa vya kupokea malori mengi, na miji iliyo karibu karibu ili malori yasilale njiani. Msanii wa aina hiyo akiruka bara zima, sababu kubwa ni hesabu ya njia.

Muundo wa pili ni kukaa mahali pamoja na kuwaacha mashabiki waje. U2 walifanya shoo 40 katika ukumbi wa Sphere mjini Las Vegas kuanzia Septemba 2023. Adele alijengewa uwanja wa muda mjini Munich na kuimba mara kumi Agosti 2024. Mwaka 2025 Bad Bunny alifanya shoo zaidi ya 30 nyumbani kwao Puerto Rico, katika ukumbi mmoja mjini San Juan, na zile tisa za kwanza zikauzwa kwa wakazi wa kisiwa hicho pekee. Angalia alichofanya: badala ya kuwalazimisha watu wake wasafiri kumfuata, aliwapa nafasi ya mbele, watalii wakafuata nyuma na pesa zao. Hoteli na vibanda vya chakula vya San Juan vikafanya biashara katika miezi ambayo kwa kawaida huwa na wageni wachache.

Muundo wa tatu uko katikati: usiku kadhaa katika ukumbi badala ya usiku mmoja uwanjani. Wizkid alijaza O2 Arena ya London, yenye nafasi ya watu 20,000, kwa usiku tatu mwishoni mwa 2021, kabla hajaingia uwanja wa Tottenham mwaka 2023. Burna Boy naye alipitia kumbi hizo hizo kabla ya kujaza London Stadium Juni 2023. Hao ni Waafrika waliopanda ngazi yenye vidato vyote, ila ngazi yenyewe iko Uingereza.

Usidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Zanzibar ina Sauti za Busara tangu 2004, na jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Kuta za ngome hazikubali umati usio na kipimo. Tamasha hilo pia linashikilia kwamba muziki upigwe moja kwa moja, bila msanii kuimba juu ya rekodi. Hakuna aliye mbali na jukwaa, na msanii asiyejulikana kutoka Komoro au Reunion anaondoka na mashabiki wapya kwa sababu walimsikia vizuri.

Na hapa kwetu, kabla ya wewe na mimi kuzaliwa, huo ulikuwa ndio mtindo wa kawaida. Waulize wazazi kuhusu Les Wanyika, Orchestra Virunga au Les Mangelepa. Bendi ilikuwa na kilabu chake, inapiga pale pale wiki baada ya wiki. Ukikosa Ijumaa hii, unaenda ijayo. Wimbo mpya ulijaribiwa mbele ya watu kabla haujarekodiwa, na wachezaji ndio waliokuwa majaji. Pwani, bendi kama Them Mushrooms ilikomaa kwa kupiga katika hoteli za kitalii. Tulichokipoteza ni ule mpango wa bendi na mashabiki kukutana mara kwa mara, mahali padogo, kwa bei ya kawaida. Dalili za kuurudisha zipo. Nyashinski mwaka 2025 aliandaa msururu wa shoo zake mwenyewe aliouita Showman Residency, na Blankets & Wine, iliyoanzishwa na Muthoni Drummer Queen mwaka 2008, ilikuwa imeshaonyesha kwamba vijana wa Nairobi watalipa kusikiliza bendi mchana kweupe wakiwa wamekaa kwenye blanketi.

Ila uwanja nao una raha yake

Tusiwe wabishi bure. Kuna raha ambayo ukumbi hauwezi kukupa. Sauti Sol walipowaaga mashabiki Novemba 2023 kupitia Sol Fest, walioenda hawakuenda kuhesabu mita. Walienda kuimba na maelfu ya watu nyimbo walizokua nazo tangu shule ya msingi. Ukiwa katikati ya umati wa namna hiyo, hata ukimwona Bien mdogo kama ukucha, hujali. Umati wenyewe ndio shoo.

Uwanja pia ni wa wengi. Ukumbi wa watu 800 ukijaa, nafasi huenda kwa wenye kadi na wenye kujuana. Uwanja una bei ya chini inayomruhusu kijana wa Dandora au Kangemi kuingia. Anayesema tufunge viwanja vyote anasema, bila kujua, kwamba muziki uwe wa wachache.

Kwa hivyo swali la maana ni kama shoo imefaa mahali ilipopelekwa. Nyimbo za kuitikia kwa pamoja, za kurukaruka, za kuagana, hizo zinataka umati. Nyimbo za mtu na gitaa lake, mashairi yanayotaka kusikilizwa neno kwa neno, mchezo wa jukwaani wenye hadithi, hizo zinataka kuta. Kinachotuumiza ni pale promota anapochukua muziki wa ukumbini, akaupeleka kwenye nyasi za mita 200, akauza tiketi kana kwamba ni kitu kile kile.

Hapa si raha tena, ni uhai

Kuna jambo moja ambalo ukubwa wa mahali hauwezi kulifanyia mzaha. Oktoba 29, 2022, watu 11 walifariki Kinshasa katika shoo ya Fally Ipupa kwenye uwanja wa Stade des Martyrs, wenye nafasi ya watu takriban 80,000. Waziri alisema baadaye kwamba waandalizi walijaza watu kupita uwezo wa uwanja. Miezi miwili baadaye, usiku wa mwaka mpya, watu wasiopungua tisa walifariki Kampala katika jengo la Freedom City. Waliambiwa watoke nje kutazama fataki, na wengi wakaelekea njia moja kwa wakati mmoja. Mwaka uliotangulia, Novemba 2021, watu 10 walipoteza maisha Houston, Marekani, katika tamasha la Astroworld la Travis Scott, nao walikuwa kwenye uwanja wa wazi ambao kwa macho ulionekana una nafasi tele.

Watu wanaosoma mienendo ya umati husema hivi: watu wanne katika mita moja ya mraba bado wanaweza kusogea kwa hiari yao. Wakifika sita au zaidi, umati unaanza kwenda kama maji. Huamui tena uende wapi, unasukumwa tu. Wengi wanaokufa hawakanyagwi kama tunavyodhani. Hukosa pumzi wakiwa wima, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka. Na jambo hili hutokea hata penye uwanja mkubwa, mradi kila mtu anataka kuwa mahali pamoja: mbele ya jukwaa, au langoni.

Ndiyo maana lile swali la tatu, la mlango gani, si la woga. Kijana ukiona fensi pande zote na lango moja jembamba la kuingilia na kutokea, umeona jambo la maana kuliko jina lolote kwenye bango.

Uliza kabla hujalipa

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi anachonunua, na haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Tiketi ni ununuzi kama ununuzi mwingine. Hukupewa zawadi kuingizwa pale.

Basi kabla hujalipa, ingia kwenye ukurasa wa mwandalizi na uulize hadharani ili wengine wasome jibu. Staa mkuu anapanda saa ngapi, na ataimba kwa muda gani? Ni bendi au ni rekodi? Tiketi ngapi zinauzwa kwa jumla? VIP imechukua sehemu gani ya mbele? Kuna minara ya spika nyuma? Milango ya kutokea ni mingapi? Shoo ikiahirishwa au msanii asipofika, pesa zinarudi vipi na baada ya siku ngapi? Mwandalizi makini atafurahi kujibu, maana majibu hayo yanamuuzia tiketi. Anayekupiga bloku kwa kuuliza amekujibu pia.

Na ukishajua unakoenda, nunua mapema. Hilo ni jukumu letu. Promota anayejua wiki mbili kabla kwamba ameuza tiketi 5,000 anaweza kumlipa msanii kwa wakati, kuongeza milango na kuanza saa iliyoandikwa. Anayesubiri pesa za langoni atakusubirisha nawe.

Kuhusu paa lile la watu 10,000, hilo halijengwi na promota mmoja wala kwa hashtegi. Kigali ilijenga kwa sababu serikali iliona ukumbi kama barabara, kitu cha kuletea mji biashara mwaka mzima. Wanaotafuta kura za vijana 2027 watapita mitaani wakiahidi viwanja, kwa kuwa uwanja unaonekana vizuri kwenye picha. Wakifika kwenu, waulize kuhusu ukumbi: wa watu wangapi, utatumika siku ngapi kwa mwaka, na bendi ya mtaani italipa kiasi gani kuukodi.

Kwa sasa, ukiwa na Sh3,000 mfukoni na mwezi ni mrefu, una hiari. Unaweza kuzimaliza usiku mmoja nyuma ya fensi. Au unaweza kwenda shoo tatu ndogo za wasanii wa hapa, ukasimama mita tano kutoka kwa kipaza sauti, na saa tano usiku uko nyumbani, umeoga, masikio bado yanavuma. Chagua unavyotaka, mradi ujue ulichonunua.